Amri Moja, Rekodi Zote: Kuzuia Mabadiliko na Ufutaji wa Bahati Mbaya katika Hifadhidata

Tuchukue jedwali linaloitwa wanachama, lenye rekodi 40,000, na mtu aliyeombwa kuonyesha kwamba mwanachama mmoja, mwenye namba 1187, amehama. Amri anayoiandika, kwa lugha ya hifadhidata iitwayo SQL, ni ya mistari miwili:

UPDATE wanachama SET hali = 'amehama'
WHERE namba = 1187;

Amri haina kasoro: UPDATE hubadilisha rekodi, na WHERE hutaja ni zipi. Lakini programu nyingi za kuendeshea hifadhidata hutekeleza kile tu kilichochaguliwa kwa kipanya, na mtu huyu, kwa haraka, amechagua mstari wa kwanza peke yake. Seva, yaani mashine inayotunza hifadhidata, inapokea nusu ya amri, inaikuta imetimia kisarufi, na baada ya nukta chache inajibu kwamba rekodi 40,000 zimebadilishwa. Haikuuliza wala haikuonya, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa lililotendeka. Hali aliyokuwa nayo kila mwanachama kabla ya hapo, yaani nani alikuwa hai, nani alisimamishwa na nani alijitoa, imefunikwa na neno moja.

Ajali ya namna hii huwapata wanaoanza kazi, na huwapata pia waliokaa nayo miaka mingi, ambao ndio kwa kawaida wenye ruhusa ya kugusa hifadhidata hai, yaani ile inayotumika katika kazi halisi. Kuwaambia watu wawe makini ni jambo jema, ila umakini huchoka, hasa usiku, hasa mtu anapoharakishwa na tatizo jingine. Kinga inayodumu ni ile iliyojengwa katika mazingira ya kazi, ili idadi ya rekodi zitakazoguswa ijulikane kabla ya amri kutolewa, na ili kuwepo nafasi kati ya amri kutekelezwa na matokeo yake kuwa ya kudumu. Karibu kila mbinu itakayoelezwa hapa inarudi kwenye mambo hayo mawili: idadi na nafasi.

Kwa nini lugha yenyewe haizuii

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, aliyekuwa mtafiti wa IBM, alichapisha makala iliyopendekeza data zipangwe kama mahusiano, yaani seti za rekodi zenye umbo moja. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakaeleza lugha ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama SQL. Ndani ya lugha hiyo amri haisemi na rekodi moja moja. Inasema na seti nzima. Neno WHERE kazi yake ni kuipunguza seti, na pasipokuwa na WHERE, seti inabaki kamili. Kimantiki hakuna ubishi hapo: usipotaja sharti, rekodi zote zimetimiza masharti yako.

Shida ni kwamba mwanadamu anayeandika amri hafikiri hivyo. Kichwani mwake kuna mwanachama mmoja, na kitendo anachotaka kumfanyia. Anaanza kwa kutaja kitendo, kisha anamtaja mhusika. Lugha nayo inaanza na watu wote, kisha inasubiri kuambiwa nani wabaki nje. Kwa hiyo kila amri ya UPDATE, au ya DELETE ambayo hufuta, hupitia kipindi kifupi, kati ya kuandikwa kwa nusu ya kwanza na nusu ya pili, ambapo tayari ni amri halali ya kuharibu kila kitu. Nukta-mkato iliyotangulia neno WHERE kwa bahati mbaya inatosha: kipande cha kwanza kitatekelezwa, na cha pili kitaleta ujumbe wa kosa la kisarufi wakati mambo yameshaharibika.

Si lazima iwe hivyo. BigQuery, huduma ya hifadhidata ya Google, hukataa kabisa UPDATE au DELETE isiyo na WHERE. Anayetaka kugusa rekodi zote hana budi kuandika WHERE true, yaani kutamka kwa mkono wake kwamba anazitaka zote. Naamini huo ndio uamuzi sahihi, na ni bahati mbaya kwamba hifadhidata nyingi tunazozitumia kila siku zilishikilia desturi ya zamani.

Sharti likiwepo lakini lisipunguze

Kusahau WHERE ndiyo ajali inayozungumzwa sana, ila nadhani iliyo ngumu zaidi kuigundua ni ile ambayo sharti limeandikwa, linaonekana vizuri machoni, na bado halipunguzi kitu. Tazama amri hii, inayokusudia kufuta michango ya watu waliojitoa:

DELETE FROM michango
WHERE mwanachama_id IN (SELECT mwanachama_id FROM waliojitoa);

Sasa tuseme jedwali la waliojitoa halina safuwima iitwayo mwanachama_id. Safuwima yake inaitwa id tu. Msomaji atatarajia seva ilalamike kwamba jina hilo halipo. Haitalalamika. SQL inaruhusu swali la ndani, yaani SELECT iliyo kwenye mabano, kuziona safuwima za jedwali la nje, kwa hiyo seva, isipolikuta mwanachama_id ndani ya waliojitoa, hulitafuta nje na kulikuta katika michango. Sharti zima sasa linauliza kama mwanachama_id ya mchango ni sawa na yenyewe. Jibu ni ndiyo kwa kila mchango ambao safuwima hiyo ina thamani, mradi tu jedwali la waliojitoa lina angalau rekodi moja. Michango yote inafutwa, na hakuna ukiukwaji wowote wa kanuni za lugha.

Tiba yake ni ndogo. Jedwali la swali la ndani lipewe jina fupi na kila safuwima yake itanguliwe na jina hilo:

DELETE FROM michango
WHERE mwanachama_id IN (SELECT w.mwanachama_id FROM waliojitoa AS w);

Hapo seva haina pa kubahatisha. Inaambiwa itafute ndani ya w, haikuti, inakataa. Jina fupi limeokoa jedwali.

Kuna pia mtego wa AND na OR. Anayeandika WHERE mwaka = 2019 OR mwaka = 2020 AND hali = 'batili' kwa kawaida anakusudia michango batili ya miaka yote miwili. Lakini AND hufungamana kwanza, kwa hiyo anachokipata ni michango yote ya 2019, halali na batili, pamoja na ile batili tu ya 2020. Mabano yanamaliza utata huo, na hakuna hasara ya kuyaandika hata pale yasipohitajika.

Mtego wa tatu unawahusu wanaohama kutoka hifadhidata moja hadi nyingine. Amri ifuatayo ina maana mbili tofauti kulingana na seva inayoipokea:

UPDATE wanachama SET tawi = 'B'
FROM wanachama AS w
WHERE w.namba = 1187;

Katika SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, jedwali lililotajwa baada ya UPDATE na lile lililopewa jina w huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na rekodi moja tu hubadilika. Katika PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ni majedwali mawili yaliyowekwa kando kwa kando bila kiungo chochote: sharti linampata mwanachama 1187 upande wa w, na kwa kuwa yupo, kila rekodi ya upande wa pili inabadilishwa. Aliyeandika amri hiyo kwa miaka mitano bila tatizo anaweza kuharibu jedwali zima siku ya kwanza ya kazi mpya, akiwa ameandika kile kile alichozoea.

Kujua idadi kabla ya kutoa amri

Mitego hii haifanani, ila ina dalili moja inayofanana: idadi ya rekodi zilizoguswa hailingani na ile iliyokusudiwa. Ndiyo maana desturi ninayoitetea kuliko zote ni ya kuanza na SELECT, amri inayosoma tu bila kubadilisha. Andika kwanza SELECT COUNT(*), inayohesabu rekodi, yenye sharti lile lile unalotaka kulitumia, usome idadi, kisha uziangalie baadhi ya rekodi zenyewe. Ukiridhika, badilisha mwanzo wa amri tu. Usiliandike sharti upya, kwa sababu ukiliandika upya ulichokipima si kile unachokwenda kukitekeleza.

Baada ya hapo fungua muamala. Ukianza na BEGIN, mabadiliko yote yatakayofuata yanabaki katika hali ya kusubiri mpaka useme COMMIT ili yadumu au ROLLBACK ili yafutike. Toa amri, soma idadi ambayo seva imekurudishia, ilinganishe na ile ya SELECT. Zikilingana, COMMIT. Zisipolingana, hata kwa rekodi moja, ROLLBACK, kisha utafute sababu kwa utulivu. Kwa hifadhidata ya MySQL kuna la kuangaliwa zaidi: baada ya UPDATE hutaja idadi mbili, ya rekodi zilizotimiza sharti na ya zile ambazo thamani yake imebadilika kweli. Ya kwanza ndiyo inayopima upana wa sharti lako.

Hapa tabia za hifadhidata zinatofautiana kwa namna inayoweza kumponza mtu. MySQL, na vilevile psql ambayo ni programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, kwa kawaida yake hudumisha kila amri papo hapo kama hukufungua muamala. SQL*Plus, programu ya kuandikia amri za hifadhidata ya Oracle, hufanya kinyume: mabadiliko husubiri mpaka uyathibitishe, ingawa ukitoka katika programu kwa njia ya kawaida nayo huyadumisha. Aliyelelewa na Oracle akikaa mbele ya MySQL anaweza kuamini kwamba ROLLBACK itamwokoa, kumbe hakuna cha kurudisha nyuma. Katika psql unaweza kuzima tabia hiyo kwa \set AUTOCOMMIT off, na ukiwa ndani ya muamala alama ya nyota huonekana mwanzoni mwa mstari wa kuandikia. Ni alama ndogo, ila inafaa jicho lizoee kuitafuta.

Muamala pia si ngao ya kila kitu. Katika MySQL na Oracle, amri zinazobadilisha umbo la hifadhidata, kama DROP TABLE, hudumisha papo hapo kila kilichotangulia, na TRUNCATE imo katika kundi hilo. Katika PostgreSQL, TRUNCATE iliyotolewa ndani ya muamala inarudishwa nyuma kama amri nyingine yoyote. Na muamala ulioachwa wazi hushikilia kufuli juu ya rekodi ulizozigusa, hivyo programu nyingine zinazozihitaji zitakwama zikisubiri. Maandalizi yote yafanyike kabla ya BEGIN, ili kati ya BEGIN na uamuzi wa mwisho pasipite muda mrefu.

Kazi ikiwa ya skripti itakayoendeshwa bila mtu kuitazama, idadi inayotarajiwa iandikwe ndani ya skripti yenyewe. Mfano wa PostgreSQL ni huu:

DO $$
DECLARE idadi integer;
BEGIN
  UPDATE wanachama SET hali = 'amehama' WHERE namba = 1187;
  GET DIAGNOSTICS idadi = ROW_COUNT;
  IF idadi <> 1 THEN
    RAISE EXCEPTION 'Ilitarajiwa rekodi 1, zimeguswa %', idadi;
  END IF;
END $$;

Idadi ikiwa tofauti na moja, kosa linatangazwa na kazi yote iliyofanywa ndani ya kipande hicho inabatilika. Faida nyingine ni kwamba mwenzako anayeikagua skripti anaiona nia yako imeandikwa kwa tarakimu, na anaweza kukuuliza kuhusu tarakimu hiyo.

Breki za upande wa seva

Desturi nzuri humtegemea mtu, kwa hiyo ni vyema seva nayo iwe na breki zake. MySQL ina mpangilio uitwao sql_safe_updates. Ukiwashwa, seva hukataa UPDATE au DELETE ambayo sharti lake halitumii safuwima yenye ufunguo (faharasa ya kutafutia rekodi) na haina kikomo cha LIMIT. MySQL Workbench, programu ya kuendeshea MySQL, huwasha mpangilio huu tangu mwanzo, na ndiyo sababu watumiaji wake wengi wameshakutana na kosa namba 1175. Inasikitisha kuona kwamba wengi wao, wakishakutana nalo, hutafuta namna ya kuuzima na hawauwashi tena. Kama kuna haja ya kweli ya kugusa jedwali zima, uzimwe kwa kikao hicho tu. Ieleweke pia kwamba breki hii hukamata usahaulifu, haikamati hukumu mbaya: WHERE namba > 0 inatumia ufunguo, inapita, na inabeba rekodi zote.

PostgreSQL haina mpangilio wa namna hiyo ndani yake, ingawa kipo kiongezi kiitwacho safeupdate kinachokataa amri zisizo na WHERE. Lakini tangu toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, inawezekana kuweka kichochezi, yaani kipande cha maagizo kinachojiendesha chenyewe jedwali linapoguswa, kikaletewa kwa pamoja rekodi zote zilizoathiriwa na amri moja. Kichochezi hicho huzihesabu, na zikizidi kikomo ulichokiweka, hutangaza kosa na amri nzima hubatilika. Kwa jedwali ambalo katika kazi halali hakuna anayefuta zaidi ya rekodi kumi kwa mara moja, kikomo cha 100 hakitamsumbua mtu yeyote, na kitazuia maafa yale yale tuliyoyaona katika jedwali la michango.

Ruhusa ndizo breki imara kuliko zote, kwa kuwa hazimtegemei anayeandika. Akaunti ya kuchunguza data iwe ya kusoma tu, na ya kubadilisha iwe nyingine, yenye nywila nyingine, ambayo mtu huifungua kwa kukusudia. Akaunti inayotumiwa na programu isipewe DELETE juu ya majedwali ambayo programu hiyo haijawahi kuhitaji kuyafuta. Hapo hata msanidi wa programu akikosea, seva itamkatalia. UPDATE nayo inaweza kutolewa kwa safuwima moja moja. Kwa TRUNCATE, PostgreSQL hudai ruhusa yake ya pekee, na MySQL hudai ruhusa ya DROP. Hakuna sababu ya akaunti ya kila siku kuwa na hizo.

Kosa linalotoka ndani ya programu

Amri nyingi zinazofika kwenye hifadhidata haziandikwi kwa mkono. Hutungwa na programu. Maktaba za kuunganisha msimbo na hifadhidata hujenga sharti kutokana na thamani zinazopewa, na baadhi yake, zikipewa thamani tupu, huliacha sharti hilo kana kwamba halikuombwa. Msanidi anaandika kwamba zifutwe rekodi ambazo namba yake ni hii, namba inafika ikiwa tupu kwa sababu fomu haikujazwa, sharti linadondoka, na kinachofika kwenye seva ni DELETE isiyo na WHERE. Orodha tupu nayo ni ya kuogopwa. Kitufe cha kufuta vilivyochaguliwa kikibonyezwa pasipo kuchaguliwa kitu, jibu sahihi ni kutofuta chochote, lakini msimbo uliotungwa ovyo huielewa orodha tupu kama kutokuwepo kwa mipaka.

Kwa hiyo kila njia ya kufuta au kubadilisha ikague thamani zake kabla ya kutunga amri, na ikikuta tupu ikatae kwa sauti. Na majaribio ya msimbo yawe na hali hiyo hasa: jedwali lenye rekodi kadhaa, ombi lenye thamani tupu, na uthibitisho kwamba baada ya ombi rekodi zote bado zipo.

Kuna jambo jingine ambalo idadi inayorudishwa na seva haitakuonyesha. Jedwali likiwa limeunganishwa na mengine kwa ON DELETE CASCADE, kumfuta mwanachama mmoja hufuta michango yake, barua zake na kila kilichofungamanishwa naye, na seva hukujibu kwamba imefuta rekodi moja. Hiyo moja ni ya jedwali ulilolitaja. Watoto wake, yaani rekodi za majedwali mengine zilizofungamanishwa nayo, hawahesabiwi. Muamala ulioufungua kwa uangalifu, pamoja na ulinganisho wa idadi, havitakuonyesha kosa hilo. Kwa data zenye thamani, kama kumbukumbu za malipo, afadhali kiungo kiwe cha kuzuia, ili mzazi asifutike mpaka watoto waondolewe kwa amri inayoonekana.

Wengine huchagua kutofuta kabisa, bali kuweka safuwima ya tarehe ya kufutwa, na kuzificha rekodi zilizo na tarehe hiyo. Ni njia nzuri, maana kosa hurekebishwa kwa kuiondoa tarehe, na rekodi zilizofichwa na amri moja ndani ya muamala mmoja aghalabu hubeba wakati ule ule, hivyo hutambulika kwa urahisi. Gharama yake ni kwamba kila swali lazima likumbuke kuziacha kando, na kwamba data za mtu mwenye haki ya kufutiwa taarifa zake bado zipo.

Niseme wazi kwamba naiogopa UPDATE kuliko DELETE. Jedwali lililofutwa hujitangaza ndani ya dakika chache, kwa kuwa kila skrini inakuwa tupu. Thamani iliyobadilishwa kimakosa inafanana na thamani halali, inasomwa, inaingizwa kwenye taarifa, inatumiwa kufanya maamuzi, na siku inapogunduliwa, mabadiliko halali yameshalundikana juu yake. Ndiyo maana kabla ya UPDATE kubwa mimi hutengeneza nakala ya rekodi zinazohusika:

CREATE TABLE akiba_wanachama AS
SELECT * FROM wanachama WHERE tawi = 'B';

Ni amri ya mistari miwili, hugharimu nafasi kidogo ya diski, na hufanya urejeshaji uwe kazi ya dakika chache.

Nakala pacha si nakala rudufu

Mara nyingi husikika kwamba data ziko salama kwa kuwa kuna seva ya pili inayofuata ya kwanza. Seva hiyo hulinda dhidi ya kuharibika kwa mashine. Dhidi ya amri mbaya hailindi kitu, kwa sababu inaipokea amri hiyo hiyo kwa uaminifu na kuitekeleza ndani ya nukta chache. Inawezekana, hata hivyo, kuifanya ichelewe kwa makusudi: MySQL ina uwezo huo tangu toleo la 5.6, na PostgreSQL tangu 9.4 kwa mpangilio uitwao recovery_min_apply_delay. Seva inayochelewa kwa saa moja inakupa saa moja ya kugundua kosa na kuisimamisha kabla haijalifikia.

Nakala rudufu ya kweli, yaani nakala ya akiba ya kurejeshea data, ni ile iliyokwisha kujaribiwa kurejeshwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu, akihangaika usiku na tatizo la seva mbili za hifadhidata zilizoacha kufuatana, alifuta saraka (folda) ya data akidhani yuko kwenye seva mfuasi, kumbe alikuwa kwenye ile kuu. Alipogundua na kusimamisha amri, kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Nakala rudufu za kila siku zilipotafutwa, hazikuwepo: zana ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kila mara, na barua pepe za kutangaza kushindwa huko hazikuwafikia walengwa. Kilichowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala ya hali yake kwa wakati mmoja, iliyokuwa imepigwa kwa mkono takriban saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine. Kampuni ilieleza yote hayo hadharani, na ilistahili heshima kwa hilo. Haikuwa amri ya SQL, ila mzizi wake ni ule ule: madirisha mawili yanayofanana, na amri isiyojua nia. Kuweka jina la seva na rangi tofauti katika dirisha la seva hai ni kazi ndogo ambayo kila timu inaweza kuifanya leo.

Aina ya nakala inayofaa zaidi kwa ajali hizi ni ile inayoambatana na kumbukumbu ya mabadiliko, kwa sababu inaruhusu kuirejesha hifadhidata mpaka wakati maalumu, tuseme nukta moja kabla ya amri mbaya. Oracle inakwenda mbali zaidi, kwa kuruhusu kuliuliza jedwali lilivyokuwa dakika kadhaa zilizopita, mradi taarifa za kurudisha nyuma hazijaandikwa juu. Kipimo chake cha kawaida cha kuzihifadhi ni nukta 900.

Dakika za kwanza baada ya ajali

Ikitokea, jambo la kwanza ni kutofunga dirisha. Kama muamala bado uko wazi, ROLLBACK inamaliza kila kitu. Kama umeshadumu, andika wakati kamili kwa saa ya seva, kwa kuwa urejeshaji wa mpaka wakati maalumu utauhitaji, na uhifadhi amri yenyewe kama ilivyotekelezwa. Simamisha programu zinazoandika kwenye jedwali hilo, na kama kuna seva inayochelewa, isimamishwe mara moja. Katika PostgreSQL matoleo ya zamani ya rekodi hubaki kwenye diski mpaka usafishaji uyapitie, hivyo zima usafishaji wa kujiendesha kwa jedwali hilo. Mtaalamu anaweza kuyahitaji. Mweleze mwenzako kilichotokea bila kusubiri, maana muda unaotumika kuficha ndio muda ambao data mpya zinaandikwa juu ya zile zilizoharibika.

Usijaribu kurekebisha kwa UPDATE ya pili inayokisia thamani za zamani. Nakala irejeshwe kwenye seva nyingine, kisha ziletwe kutoka huko rekodi zilizoathiriwa pekee, zikilinganishwa kwa ufunguo msingi, yaani safuwima inayotambulisha kila rekodi. Katika mfano wetu wa wanachama, jedwali lililorejeshwa tukiliita la_zamani, amri itakuwa hivi:

UPDATE wanachama
SET hali = z.hali
FROM la_zamani AS z
WHERE wanachama.namba = z.namba
  AND wanachama.hali = 'amehama'
  AND z.hali <> 'amehama';

Sharti la pili linawaacha wale ambao hali yao ilishabadilishwa kihalali baada ya ajali, na la tatu linawaacha waliokuwa wamehama kweli. Mwanachama 1187, ambaye ombi lilimhusu tangu mwanzo, aongezewe sharti lake ili abaki kama alivyoombewa. Nayo amri hii itanguliwe na SELECT COUNT(*), kisha BEGIN, na mtu wa pili akiisoma kabla ya COMMIT.